Vikombe vyangu vinasema shambani kuna mbawakawa wengi kuliko msituni, roho inakataa. Na hii kazi mtu anaianzaje?

Tandu_Mwekundu

Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho wa digrii ya zuolojia, projekti yangu ni ya wadudu na jamaa zao wa ardhini, nimetumia ile mitego ya vikombe, unachimba shimo unafukia kikombe mdomo wake ukae sawa na udongo, unaweka kimiminika ndani, mdudu anapita zake anatumbukia. Vikombe ishirini msituni, ishirini kwenye shamba la nafaka lililopakana na huo msitu. Sasa matokeo ndo yamenileta hapa: mbawakawa wa shambani ni karibu mara tatu ya wale wa msituni. Supavaiza kaangalia grafu kasema andika kama ilivyo, shamba lina mbawakawa wengi, basi. Mimi roho inakataa, kwasababu ukipiga magoti pale msituni ukafunua majani makavu unakuta jongoo, tandu, konokono wadogo mno, sisimizi wa kila aina, vijibuibui, yaani kila tabaka la majani lina wakazi wake, halafu ukienda shambani ukafukua unakuta udongo na nyungunyungu mmoja mmoja. Sasa kikombe kinadanganya au ni macho yangu?

La pili ni la maisha. Nataka hii iwe kazi yangu, sio ya kumalizia digrii tu. Watu wa tembo na simba njia yao inaeleweka, ila mtu anayehesabu viumbe wasio na uti wa mgongo anaanzia wapi, anaajiriwa na nani, siku yake ya kazi ikoje? Nikisema darasani nataka utitiri na kolembola, wale vijidudu wadogo wa udongoni, wenzangu wananitazama tu. Mlioko ndani ya fani naombeni mnielekeze, na ugumu wake msinifiche.

MamaKarabidi

Karibu mdogo wangu. Nianze na kikombe, maana ukishakielewa vizuri umeshaelewa nusu ya fani yenyewe.

Kikombe hakidanganyi, ila swali ulilokiuliza sio kinalojibu. Hakihesabu mbawakawa waliopo, kinahesabu waliopita. Aliyetulia chini ya jani hata wawe elfu hawaingii, anayeingia ni yule anayetembea, kwahiyo namba uliyonayo ni idadi yao imechanganyika na mwendo wao, na huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia tu. Sasa fikiria shamba lako. Udongo uko wazi, jua linapiga, na mdudu hana joto lake la ndani kama sisi, ardhi ikipata moto na yeye anachangamka, tena njiani hakuna cha kumzuia. Msituni kuna kivuli, kuna ubaridi, kila hatua jani, kijiti, mzizi, mbawakawa yuleyule anakwenda polepole tena kwa kupindapinda. Hata idadi ikilingana kabisa, vikombe vya shambani vitajaa zaidi. Halafu wenye miili mikubwa wanatembea masafa marefu, kikombe kinawapendelea, mtu akisoma data za vikombe peke yake atadhani wadogo hawapo. Haya yameandikwa toka miaka ya 1960 na bado kila mwaka kuna mtu anaripoti idadi ya wadudu kumbe kapima pilika zao.

Kingine: ulipofukia ulifungua siku hiyohiyo? Udongo uliochimbuliwa unatoa hewa ya kaboni na unavuta baadhi ya viumbe, mavuno ya mwanzo yanakuwa makubwa kuliko kawaida. Wengi tunafukia, tunafunika na mfuniko, tunaacha kama wiki udongo utulie, ndo tunafungua.

Kwa hao uliowaona ukipiga magoti, mtego wao ni mwingine, inabidi uyabebe majani yenyewe. Kuna mfuko wa Winkler. Unapima mraba mita moja kwa moja, unakusanya majani yote yaliyolala hapo mpaka ugonge udongo mgumu, unayachekecha kwenye mfuko wa kitambaa wenye wavu katikati, majani makubwa unatupa, ule unga na vipande vidogo vinavyobaki chini ndo mali. Mali hiyo unaijaza kwenye vijifuko bapa vya wavu, unavitundika ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa uliofungwa juu, na chini kabisa unafunga kikombe cha spiriti. Hakuna umeme, hakuna taa. Viumbe vimeshavurugwa, majani yanakauka taratibu, wanahangaika kutafuta pa kujificha, wanapenya wavu, wanadondoka. Baada ya masaa 48 mwaga kile kikombe kwenye kisahani uweke chini ya hadubini: kuna sisimizi hawafiki milimita mbili, kuna mbawakawa wadogo kuliko hao ambao mbawa zao zina manyoya pembeni, utitiri wa maumbo usiyoyategemea, na wale wanaofanana na nge ila mkia hawana wanakunyooshea makoleo. Wengi wao kikombe chako kisingewapata kwa idadi yoyote ya maana.

Watu wa sisimizi walishakaa wakakubaliana, protokali yao ilitoka mwaka 2000: mstari wa mita 200, vituo 20, kila mita 10 kituo, na kila kituo kina kikombe kimoja na mita moja ya mraba ya majani kwa Winkler. Mtu akifuata hiyo popote alipo, data zake zinawekwa meza moja na za wengine.

La kazi nitarudi usiku, sasa hivi nina sampuli mezani.

NyiguMdogo

Mama kamaliza ya chini, mimi naongezea wanaoruka kidogo tu ili uone kwamba hii ishu haiko kwenye vikombe peke yake. Kuna hema la Malaise, aliyelibuni ni Msweden René Malaise, alikuwa mkusanyaji wa wadudu akaona wanaoingia kwenye hema lake la kulala wanapanda mpaka kona ya juu kabisa wakitafuta pa kutokea, akawaza kutengeneza hema ambalo kwenye ile kona kuna chupa. Alilichapisha 1937 na mpaka leo tunatumia wazo lilelile. Ukuta wa wavu unasimama wima, nzi au nyigu akiugonga anapanda kuelekea kwenye mwanga anaishia kwenye spiriti. Lakini mbawakawa wengi wakigonga wanajiachia wanaanguka chini, hema linawakosa, kwahiyo wa mbawakawa wao wanapanga trei za maji chini ya wavu. Yaani huyu anapanda yule anaanguka, na hiyo tabia ndogo inabadilisha orodha nzima ya spishi utakayoandika.

Na usidharau mtego wa kawaida uliotumiwa vilevile kwa muda mrefu. Chama cha wataalamu wa wadudu cha Krefeld kule Ujerumani, wengi wao watu wa kujitolea, walianza 1989 kutega mahema ya muundo mmoja kwenye hifadhi, mwishoni yakawa maeneo 63, na 2017 matokeo yalipochapishwa yakaonyesha uzito wa wadudu wanaoruka umeshuka zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Dunia ilishtuka. Nguvu ya ile kazi ni kwamba hema halikubadilishwa na chupa hazikutupwa, basi. Kuna watu wana vifaa vya kisasa mara kumi ya vile na hawawezi kusema lolote kuhusu miaka 27 iliyopita kwasababu kila baada ya misimu miwili mitatu walikuwa wanabadilisha mbinu.

Tandu_Mwekundu

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Kweli vikombe nilivifungua siku ileile. Sasa hizi data nizitupe? Maana muda uliobaki sio mwingi na nilishaanza kuandika.

hesabu_za_pori

Usitupe kitu kaka. Data sio mbovu, ni lile dai la kwamba shamba lina mbawakawa wengi ndo halibebeki.

Ila mimi ningeanza na kubwa kuliko hilo la kikombe. Una msitu mmoja na shamba moja. Vikombe ishirini ndani ya msitu mmoja sio misitu ishirini, ni vipimo ishirini vya kitu kilekile. Hurlbert alilieleza hili 1984 na likawa moja ya makala zinazotajwa sana kwenye ikolojia, tunayaita marudio bandia. Ukiingiza vikombe vyako arobaini kwenye programu ya takwimu ya R ukafanya testi utapata p ndogo ya kupendeza, yaani tofauti itaonekana sio ya bahati tu, na itakachokuwa inakuambia ni kwamba msitu huu na shamba hili vinatofautiana, jambo ambalo ungelijua hata kwa kutazama. Misitu na mashamba kwa ujumla haijasema kitu. Vikombe hivyohivyo arobaini ungevigawa misitu mitano na mashamba matano, vinne vinne, ungekuwa na neno la kusema. Kwa projekti ya digrii ya kwanza haijaharibika, andika wazi kwamba ni ulinganisho wa sehemu mbili na usivuke hapo, mtahini mwenye akili atakuheshimu zaidi kuliko ukivuka.

Sasa nini cha kufanya na ulichonacho. Wacha idadi, angalia spishi. Tuseme kwa mfano tu shambani una mbawakawa 900 wa spishi 15, msituni 300 wa spishi 28. Hapo stori imeshageuka, na bado hujalinganisha kwa haki, kwasababu ukishika wengi lazima upate spishi nyingi zaidi, kwahiyo unawashusha wa shambani mpaka 300 kwa hesabu, unauliza ungeshika 300 tu shambani ungepata spishi ngapi, halafu ndo unalinganisha. R inafanya hiyo kwa mistari michache.

Halafu tengeneza grafu ya spishi zinavyoongezeka kadri vikombe vinavyoongezeka. Kama mstari bado unapanda ulipofika kikombe cha ishirini ujue hujamaliza, na karibu kila anayefanya kazi ya wadudu wa tropiki mstari wake haulali. Kwa hao hujawaona kuna makadirio ya Anne Chao, mtakwimu wa Taiwan, 1984, nayapenda kwasababu unaweza kuyafanya kwa kalamu. Hesabu spishi zilizotokea mara moja tu, hesabu zilizotokea mara mbili. Una spishi 60 kwa mfano, 20 zimetokea mara moja, 10 mara mbili. Ishirini mara ishirini ni 400, gawa kwa mara mbili ya kumi yaani 20, unapata 20, jumlisha na 60, basi pale kuna angalau spishi 80. Angalau, sisitiza hilo, hiki ni kiwango cha chini. Mantiki yake ni kwamba ukiwa na wengi waliojitokeza mara moja moja basi nyuma yao kuna wengi ambao hawajajitokeza kabisa. Kwahiyo wale wadudu wa mmoja mmoja ambao watu wanawafuta kwenye eksel wakidhani ni uchafu, ndo haohao wanaokuambia umebakiza nini.

MamaKarabidi

Nimerudi. Hesabu kasema vizuri, hilo la msitu mmoja nililiruka mimi na ndo kubwa.

Sasa kazi. Nikutolee mfano wa mtu ambaye kila mwanafunzi wa fani hii anamsikia, Terry Erwin wa makumbusho ya Smithsonian kule Marekani, amefariki 2020. Wengi wanamjua kwa namba moja tu, milioni 30. Mwaka 1982 alichapisha makala ya kurasa mbili, mbili tu. Kule Panama walipuliza moshi wa dawa kwenye vilele vya miti 19 ya spishi moja, Luehea seemannii, wadudu wakadondoka, mbawakawa peke yake wakafika spishi kama 1,200. Akakadiria 163 kati ya hao wanategemea mti huo tu. Akachukua kwamba tropiki ina spishi 50,000 za miti, akazidisha, zaidi ya milioni 8 za mbawakawa. Mbawakawa akawaweka kuwa asilimia 40 ya arthropoda wote, yaani wadudu, buibui na jamaa zao, ikaja milioni 20 kwa vileleni, akaongeza milioni 10 za walioko chini. Viumbe wote waliokuwa wameshapewa majina wakati huo walikuwa milioni moja na nusu hivi.

Na namba yake haikusimama. Mwaka 2002 watu waliofanya kazi Papua New Guinea walipofuatilia ni mdudu gani anakula mti gani wakakuta wengi hawategemei spishi moja ya mti, wanakula miti kadhaa ya jamii moja, ile 163 ilikuwa kubwa mno, hesabu ikashuka milioni 4 mpaka 6. Makadirio ya karibuni ni kama milioni 6.8 kwa arthropoda wa nchi kavu, 5.5 kati yake wadudu, na waliopewa majina mpaka sasa ni kama milioni moja tu. Lakini angalia alichofanya. Kila hatua ya hesabu aliiweka wazi, hivyo kila mtu aliweza kukamata kipande kimoja akakipima, na miaka arobaini ya utafiti wa vilele vya miti ikaja kwa kukamata hivyo vipande. Mimi naheshimu namba iliyokosewa kwa uwazi kuliko namba sahihi isiyojulikana imetoka wapi.

Na kinachosahaulika kuhusu Erwin ni kwamba mkate wake haukuwa milioni 30, ulikuwa karabidi, mbawakawa wa ardhini walewale unaowashika wewe. Aliwasoma maisha yake yote. Ndo maana alipoona kinachodondoka kutoka juu ya mti alijua anachokitazama. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na nausema kwa nguvu: chagua kundi moja ulijue mpaka ndani. Sio "wadudu". Kundi. Edward Wilson na ukubwa wake wote alikaa na jenasi moja ya sisimizi, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu, Pheidole wa Amerika, 2003 akatoa spishi 624, na 337 kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi. Jenasi moja tu hiyo.

Siku ya kazi sasa, umesema nisikufiche. Fildi ni kipande kidogo sana. Mtego unajazwa kwa wiki, chupa inachambuliwa kwa miezi. Utakaa kwenye kiti na hadubini, kibano mkononi, unatenganisha buibui huku, nzi kule, mabuu kule ambayo mara nyingi hayatapata jina, shingo inauma. Kule San Lorenzo Panama wanasayansi 102 walishirikiana, eneo walilochukua sampuli ukijumlisha halifiki hata nusu hekta, ni 0.48, wakapata spishi 6,144 na wakakadiria msitu mzima wa hekta 6,000 una kama 25,000. Matokeo yalitoka 2012, fildi yenyewe ilikuwa 2003 na 2004. Muda wote huo wa katikati ni meza. Ukigundua unaipenda meza, umepata kazi ya maisha. Ukigundua unapenda kutembea msituni tu, bora ujue mapema, kuna kazi nyingine nzuri za kutembea msituni.

Waajiri wapo, ila mara chache tangazo linasema "tunatafuta mtu wa bioanuwai ya wasio na uti wa mgongo". Wanasema wanatafuta mtu wa wadudu waharibifu wa mazao, mtu wa karantini ya mimea kukagua mizigo, mtu wa tathmini ya athari kwa mazingira, mhifadhi wa mikusanyo ya makumbusho, mhadhiri. Ukiwa unaweza kuweka jina kwenye mbawakawa na pia unaweza kufanya alichokuonyesha Hesabu hapo juu, milango hiyo yote inafunguka. Mwenye kimoja tu anahangaika.

Bakodi

Mama heshima yako, ila hapa naomba tutofautiane. Mimi niko upande wa DNA na naona tunamfundisha kijana kazi inayopita. Toka 2003 Hebert na wenzake pale Guelph, Kanada, walipoonyesha kwamba kipande kimoja cha jeni, herufi kama 650, kinatosha kutenganisha spishi nyingi za wanyama, ndo tunachokiita bakodi, mambo yamebadilika. Leo unachukua chupa nzima ya hema la Malaise, unaisaga, unasoma DNA yote kwa pamoja, wiki chache una orodha. Na inaona ambavyo macho hayaoni, yule kipepeo Astraptes fulgerator wa Kosta Rika aliyekuwa anahesabiwa spishi moja, 2004 bakodi ikaonyesha ni kumi. Chupa za San Lorenzo zingechukua miaka mingapi kwa njia hiyo? Nadhani ajifunze labu na kompyuta, hiyo miaka ya kukaa na kundi moja sio lazima tena.

MamaKarabidi

Bakodi mwanangu hatuko mbali kama unavyoona, mimi mwenyewe natuma miguu ya mbawakawa labu kila mara. Lakini huo mfano wa Astraptes uutazame tena. Zile spishi kumi hazikusimama kwa DNA peke yake. Janzen na Hallwachs, watafiti wa huko Kosta Rika, na wasaidizi wao walikuwa wamekusanya viwavi kwa miaka mingi, wakamlea kila kiwavi mpaka akawa kipepeo, wakaandika alikuwa na rangi gani na alikula mti gani. Bakodi ilipotenganisha makundi, wakakuta viwavi wa kila kundi wana rangi zao na mimea yao. Bila daftari za viwavi ungekuwa na matawi kwenye mchoro na mabishano yasiyoisha.

Na chupa ukishaisaga, idadi imekwenda. DNA nyingi ya spishi fulani inaweza kuwa mdudu mmoja mkubwa au wadogo mia, au tu kemikali za labu zimeshikana naye vizuri kuliko wenzake. Halafu orodha uliyopata, nusu yake inaweza kuwa namba zisizo na jina, kwasababu maktaba ya kulinganishia haina huyo mdudu, na atakayemuingiza kwenye maktaba ni mtu anayemjua. Kwahiyo kijana ajifunze labu, ndio, kwa nguvu zote. Ila akiwa na kundi lake mkononi.

Bakodi

La kusaga nakubali, siku hizi wengi tunaloweka tu spiriti inachukua DNA na mdudu anabaki mzima, au tunakata mguu kama unavyofanya. La maktaba pia ni kweli, kwa utitiri na nyigu wadogo hali bado ni mbaya sana. Nabaki na msimamo kwamba kwa ufuatiliaji wa eneo kubwa mwaka hadi mwaka hakuna njia nyingine itakayofika, waainishaji ni wachache mno kuliko chupa.

LeboNdogo

Nafanya kazi kwenye mikusanyo ya makumbusho, naomba niseme la upande wangu maana nimeona hakuna aliyeligusa. Tandu, hao mbawakawa wako wako wapi sasa hivi na wana lebo gani?

Nauliza kwasababu chupa nzuri tunazozikataa ni nyingi kuliko unavyofikiria. Mtu analeta chupa imeandikwa juu "Msitu 7" kwa kalamu ya kawaida. Saba ni nini? Yeye anajua leo, kesho kutwa hajui, na wino wa kalamu ya kawaida spiriti inaufuta. Lebo inakaa ndani ya chupa, sio nje, imeandikwa kwa penseli au wino usioyeyuka, karatasi nzuri, na inabeba nchi, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe ya kufungua mtego na ya kufunga, aina ya mtego, nani alikusanya. Mwezi sisi tunauandika kwa namba za Kirumi, 5.iv.2024, ili asije mtu wa nchi nyingine akasoma siku kuwa mwezi. Mdudu akiwa na lebo hiyo anaweza kujibu swali ambalo bado halijaulizwa, miaka hamsini mbele. Wale wa Krefeld wangekuwa na chupa zisizo na tarehe wangekuwa na nini?

Na katika spishi zako acha angalau vielelezo kadhaa kwenye mkusanyo wa umma, namba zake uziandike kwenye tasnifu, ili mtu akikutilia shaka jina aende akamtazame mdudu mwenyewe. Vibali pia vikae kwenye faili, na kama sampuli zitavuka mpaka hata kwa DNA tu basi Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, inakuhusu, ipo toka 2010 na imeanza kutumika 2014, usisubiri uulizwe na jarida ndo uanze kutafuta karatasi.

Tandu_Mwekundu

Nawashukuru wote, kwakweli sikutegemea. Nimeshaongea na supavaiza nikampelekea hoja ya mwendo na ya msitu mmoja, amekubali nibadilishe kichwa na mjadala wote uwe wa spishi. Nimepiga hesabu ya Chao pia, wa mara moja moja ni wengi sana msituni kuliko shambani, kwahiyo bado kuna ambao sijawaona upande ule. Kundi nimeamua ni karabidi, mama nitakusumbua.

La mwisho, nataka nirudie vikombe kwa usahihi nikianza masta. Ndani niweke nini? Mimi nilitumia maji ya sabuni, na baada ya siku tatu harufu haivumiliki na wengine wameoza.

MamaKarabidi

Nisumbue tu, sio shida. Maji ya sabuni ni ya siku moja mbili, zaidi ya hapo wadudu wataoza kama ulivyoona. Tumia propilini glaikoli, unaweza kuichanganya na maji nusu kwa nusu, haikauki haraka jua likiwaka na inatunza mwili vizuri. Usichanganye na ile ethilini glaikoli ya kwenye rejeta za magari, ni tamu na ni sumu, mnyama akija kunywa anakufa. Sabuni weka tone moja tu, isiyo na harufu, kazi yake ni kulegeza uso wa maji mdudu azame badala ya kuelea akatoka. Fomalini achana nayo, inaharibu DNA na Bakodi atakulilia. Ukitoa sampuli chuja, osha na maji, hamishia kwenye spiriti ya asilimia 70 kama ni za kuangalia umbo tu, ila miguu unayotaka kuipeleka labu iende kwenye ya 95 na ikae kwenye baridi. Juu ya kikombe weka kipaa kilichoinuliwa sentimita tatu hivi mvua isijaze, na mdomoni weka wavu wenye matundu ya sentimita moja na nusu, mbawakawa wanapita, vyura na mijusi wanabaki nje.